Kibao cha Ufagio cha Bi Walburga

Bi Walburga Eisele alizaliwa ghorofa ya kwanza ya jengo tulilokaa katika mji mdogo wa Hohenbronn, akaolewa ghorofa ya pili, na mumewe alipofariki akarudi ya kwanza. Safari yake yote duniani ilikuwa ngazi, na ngazi hizo alizifagia mwenyewe.

Siwezi kumsimulia bila kutaja kibao. Ni cha mbao, kidogo tu, kimechorwa ufagio. Kikining'inia kwenye kitasa chako, basi wiki hiyo ngazi, ukumbi na njia ya mbele ni zamu yako. Ukimaliza, Jumamosi jioni, unampelekea jirani. Hakuna anayekulazimisha, ila kila apitaye anakiona.

Padri Knaus wa ghorofa ya tatu aliwahi kuugua katika zamu yake. Bi Walburga alimpikia mchuzi wa dengu, akamlisha kijiko kwa kijiko, akamwombea. Alipotoka alifunga mlango polepole, akakinyoosha kibao kikae sawa kwenye kitasa cha mgonjwa. "Mungu amponye upesi," akaniambia ngazini. "Maana leo Alhamisi."

Kazi yake ilikuwa ofisini kwa Bwana Ottmar Rapp, mtengeneza bawaba za milango mikubwa, ya makanisa na maghala. Nilikuwa napita pale asubuhi kunywa kahawa, kwa kuwa mzee asiye na shughuli ana haki kidogo katika kahawa ya watu. Michoro ya bawaba zote, ya Rapp, ya baba yake na ya babu yake, ilikuwa ndani ya kompyuta. Karatasi zenyewe zilikwisha kuliwa na unyevu. Michoro ikipotea, hakuna tena Rapp.

Basi katika bonde la jirani palikuwa na karakana ya skrubu. Siku moja walifungua kompyuta wakakuta kila kitu kimefungwa na wezi wasioonekana, wanadai fidia. Mpaka mwisho wa mwaka mlango ukawa umepigiliwa mbao. Rapp aliposikia hakumaliza mkate wake, na Rapp si mtu wa kubakiza mkate.

Akamwita mtaalamu, Bi Annegret Lotz, mwanamke mwembamba mwenye haraka. Aliwaambia mambo machache tu. Kila mtu awe na nywila yake, ndefu, asiwape wenzake. Programu zikiomba kusasishwa, zisasishwe. Kila Ijumaa nakala ya michoro iwekwe kwenye diski ya pembeni, kisha diski ichomolewe na kufichwa. Na barua pepe ya kushtukiza usiifungue kabla ya kumpigia simu aliyeituma. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Aliporudi baada ya miezi kadhaa, hakuna kilichofanyika.

"Nilidhani Kuno anafanya," akasema Rapp.

Kuno ndiye fundi wa mashine, mtu wa mabega. "Mimi nilidhani wewe, bosi."

"Mimi mwenye kampuni. Kazi yangu ni kudhani."

Bi Lotz akashusha pumzi. "Jamani, huu ni usafi tu. Ni kama kufagia. Mkiacha wiki mbili uchafu unawazidi."

Bi Walburga akaweka birika mezani. "Dada, si ungesema hivyo tangu mwanzo."

Jumatatu iliyofuata kibao cha pili, kipya, kilining'inia kwenye kompyuta ya Kuno. Kuno akafanya yote, akaongeza na lake: akaleta ndoo, akazisugua kibodi kwa maji ya sabuni. Mbili hazikuamka tena.

"Mlisema usafi," akajitetea.

"Tulisema usafi, hatukusema ubatizo," akajibu Bi Walburga.

Lakini zamu ikazunguka. Wenye shingo ngumu waliosinzia mbele ya mtaalamu hawakuthubutu kulala na kibao mezani, maana kila anayekwenda kunywa maji alikitupia jicho, kisha akamtupia jicho mwenyewe.

Ikafika zamu ya bosi. Ijumaa hiyo Rapp alikwishafunga mbao zake za kuteleza thelujini juu ya gari.

"Bwana Rapp, nakala?"

"Jumatatu, Bi Eisele. Theluji hainisubiri."

"Na wezi nao wanapenda theluji?"

"Wiki moja tu, mama, haiui mtu."

Bi Walburga hakubishana. Alimsindikiza nje, akamtakia safari njema, akampungia mkono. Rapp akasimama kwa mwokaji kununua mkate wa njiani. Mwokaji akachungulia dirishani.

"Bwana Rapp, naona mwaka huu unakwenda kufagia mlima."

Kibao kilikuwa kimefungwa nyuma, kwenye kifuta kioo. Alikuwa amevuka mji mzima nacho. Alirudi ofisini uso umeiva kama kabichi nyekundu ya siki, akaweka nakala, akachomoa diski, akaifungia katika kopo la biskuti juu ya kabati. "Nchi gani hii," alikuwa akinung'unika, "mtu anaogopa kibao kuliko wezi."

Jumatatu nilikuwa kwenye kiti changu na kahawa yangu. Bi Walburga akapata barua pepe, imeandikwa kana kwamba inatoka manispaa. Ilisema njia ya mbele ya karakana ya Rapp imekutwa haijafagiwa, tazama picha iliyoambatishwa.

Mwanamke huyu angeahidiwa urithi wa mfalme asingebonyeza. Lakini haijafagiwa? Alibonyeza kabla sijameza.

Kioo cha kompyuta yake kikawa chekundu, na cha Kuno, na cha bosi. Rapp akapiga kelele waya zote zichomolewe. Bi Walburga akasimama, akanyoosha sketi yake.

"Ni mimi," akasema. "Nimefungua bila kupiga simu."

Rapp akaenda kwenye kabati. Akapanda kiti, akashusha kopo, akalikumbatia. Bi Lotz alipofika akafuta kompyuta zote, akaziwekea programu upya, na ndipo akachomeka diski. Michoro ilikuwemo yote, ya babu, ya baba, mpaka bawaba iliyochorwa Ijumaa. Kilichopotea ni kazi ya asubuhi moja.

"Wiki moja haiui mtu," akasema Rapp kwa sauti ndogo, kama anayejisemea. Kisha akamgeukia. "Ingeniua, Bi Eisele."

Bi Walburga alikichukua kibao, akakining'iniza kwenye kompyuta yake mwenyewe, ingawa haikuwa zamu yake. Halafu akatwaa koti akatoka. Tulidhani anakwenda kulia. Rapp akanituma nimfuate.

Nilimkuta ameinama barabarani, anaikagua njia ya mbele jiwe kwa jiwe.

"Safi," akasema. "Nilijua."