Aliyeogopa Kulala

Miezi mitano Kokubanza wa Ihembe hakupata usingizi wa maana, na msidhani, ndugu zangu, kwamba usingizi ulimkimbia. Yeye ndiye aliyeukimbia. Mwaka ule wa 1951 alimpakata mwanawe Protase mwenye homa, akasinzia kidogo tu, na alipofumbua macho mtoto alikuwa ameshapoa, hana pumzi. Tangu hapo aliamini kwamba akilala, mtu anakufa. Na sasa alibakiwa na mmoja tu, Placidia, wa miezi minane.

Akawa hali, hasemi, na maziwa yakaanza kumkauka kifuani. Mama mkwe wake, Kemigisha, ndiye aliyemkokota hadi Kiruruma kwa Melkiory, tabibu mwenyeji wa Muleba. Melkiory alikuwa amehudumu Burma wakati wa vita, katika hospitali ya askari, na huko alimwona daktari akiwalaza kwa maneno watu walioshindikana kwa dawa.

Siku ya kwanza alimsikiliza tu. Siku ya pili akakosea. Alitoa saa ya mfukoni, akaining'iniza, akamwambia aitazame mpaka kope ziwe nzito. Kokubanza akatoka mbio na mtoto mgongoni. Bibi yake alikuwa mbandwa, mtu wa kupandwa na mizimu, na Kokubanza aliwahi kumwona akikodolea kitu kimoja, akilegea, kisha sauti isiyo yake ikimtoka kinywani. Sauti hiyo ikija, itamdai nani kama si Placidia?

Baada ya juma Melkiory akaja mwenyewe Ihembe, asubuhi, bila saa, akaomba radhi. Alimkuta Kemigisha akisuka maziwa, kibuyu kikienda na kurudi mapajani, siagi bado.

"Usiache, mama," alimwambia. Kisha akamgeukia Kokubanza. "Mama Placidia, sikiliza kibuyu tu. Ni cha kwenu, si changu."

"Ng'ombe wetu hulala bila tabibu," alisema Kemigisha. "Huyu kawashinda ukaidi."

Kokubanza alimfunga mtoto mgongoni kwa mama mkwe, akajilaza mkekani nyuma yao, akaushika mguu wa mtoto. Melkiory akamuuliza habari za Protase. Kwa mara ya kwanza akasema yote.

"Ulisinzia kwa muda gani?"

"Maji jikoni hayakuwahi kuchemka."

"Na homa ilikaa naye siku ngapi?"

"Nne."

"Siku hizo nne ulilala?"

"Hata kidogo."

"Basi homa ilimla ukiwa macho, mama."

Alilia mpaka akachoka. Tabibu akaanza kusema polepole, akifuata kibuyu: kinakwenda, kinarudi, mguu uko mkononi mwako. Kokubanza alijiona akizama kama mtu aliyeteleza kisimani. Aliingoja ile sauti ya mizimu kwa hofu. Haikuja.

Alipozinduka jua lilikuwa upande wa pili, na mkono wake mtupu. Mgongo wa Kemigisha nao mtupu. Alijiinua ghafla kumtafuta.

"Yuko ubavuni mwako," alisema Kemigisha. "Alilia njaa, nikamweka. Kanyonya mara mbili, wewe unakoroma."

Kokubanza akagusa nguo yake, imelowa maziwa. Akaweka sikio kifuani pa mtoto, akasikiliza, akasikiliza, mpaka Placidia akamchoka na kumvuta nywele.

"Kesho uje tena, tabibu," alimwambia Melkiory, aliyekuwa bado ameketi pale. "Lakini mtoto nitamfunga kwa kitambaa mkononi mwangu."