Kinyonga Katika Gardemanje ya Nkambo

Ninaikumbuka siku moja, mwanangu: siku ambayo watoto wa lupango wetu, nyumba nne ndani ya ukuta mmoja, walinipigia makofi nikiwa ninaua. Sikujua ninaua. Nilicheka pamoja nao. Nilifurahi kuwa mtu wa kutazamwa.

Wengine watasema nasaha ni kazi ya wenye mvi. Mimi nina miaka ishirini na saba, mvi sina, na leo mchana nimefukuza watoto sita na mwanaume mzima mwenye ndevu hapa kwetu, nikiwa na mwiko wa kusongea bukari, ugali wetu, mkononi. Wewe uliona. Ulilia, ukaingia chumbani, ukanifungia mlango. Basi ninaandika, kwa sababu mdomo wangu bado una hasira lakini mkono umeshatulia. Nitapitisha karatasi chini ya mlango. Soma hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tulikaa mtaa wa Hewa Bora kwa Nkambo Véro, mama wa baba yangu. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, mtu wa Kabalo, na katika vyombo vyake vyote alipenda kimoja tu: gardemanje. Unaijua, ni ile ile iliyo jikoni kwetu, kabati refu la mbao lenye wavu mwembamba pande zote, chakula kipate hewa na nzi wabaki nje. Mume wake aliitengeneza kwa mikono yake mwaka walipooana. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuifungua bila kutumwa.

Mvua zilikuwa zimeanza. Kwenye ua wa majani nilimkuta kinyonga mdogo, urefu wa kidole changu, kijani kabisa. Nilimchukua pamoja na kijiti chake. Jirani yetu, Mama Béa, alipomwona alirusha chumvi kwenye kizingiti chake.

“Toka naye apa! Kanyama kanaangaliaka na macho mbili, kila moja fasi yake, ile ni bulozi!”

Nkambo alikuwa anachambua mboga. Hakuinua hata kichwa.

“Mama Béa, na weye unaangaliaka lupango yetu yote na macho mbili, kila moja fasi yake. Nilikutupiaka chumvi?”

Kwa hiyo nikaruhusiwa kumweka. Nkambo aliniambia neno moja tu: “Mujengee muzuri.” Sikumuuliza muzuri ni namna gani. Nilijiona ninajua.

Shangazi yangu, Tante Odile, alikuwa na vitrini ya zamani ya kuuzia bitumbula, maandazi ya mafuta, kioo pande zote nne na juu pia. Niliiosha mpaka ikang’aa. Ndani niliweka kijiti kimoja, sahani ya maji, na panzi mnene mwenye kichwa kikubwa kuliko cha kinyonga mwenyewe. Majani sikuweka, kwa sababu majani yangemficha. Siku ya pili, Jumapili, niliitoa nje, nikaiweka mezani juani, mbele ya ukuta mweupe, ili kila mtu aone vizuri. Nilikuwa na akili sana.

Watoto walikuja na bikwembe, vitenge vya mama zao, vya kila rangi. Tulitaka kuona rangi.

“Weka ile nyekundu chini!”

“Wapi, haigeuke. Weka ya njano!”

“Onaa! Iko nakuwa mweusi! Eko nageuka!”

Wakapiga makofi. Kinyonga alikuwa mweusi kama kaa la moto lililozimwa, mdomo wazi, anapanda kioo na kuteleza, anapanda na kuteleza. Tuliona anacheza. Mimi ndiye niliyekuwa natangaza, kama mtu wa redio.

Nkambo alirudi kutoka misa akiwa bado na kikwembe chake cha kanisa. Hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya kioo, akakitoa haraka. Kisha akaniita.

“Weka mukono.”

Niliweka. Kioo kilichoma.

“Iache apo.”

Nilivumilia kidogo, nikautoa.

“Unaitoa juu ya nini, sababu inachoma? Weye uko na fasi ya kukimbilia. Yee atatokea mulango gani?”

Mtoto mmoja alianza kukunja kikwembe cha mama yake polepole.

“Ile mweusi haiko muchezo,” Nkambo alisema. “Eko nalia. Ahana sauti, analia na ngozi. Na shiye tunamupigia makofi.” Kisha akaniangalia mimi peke yangu. “Hii nyumba, ulimujengea yee, ao ulijengea macho yako?”

Mpaka leo sijapata jibu la kunitetea.

Alifungua gardemanje. Alitoa samaki wakavu wa Kasenga, akatoa sukari, unga, sufuria ya mboga, vyote, akavirundika mezani kama mtu anayehama. Alipangusa mbao kwa maji matupu bila sabuni. Aliniambia kwamba kule Kabalo mume wake alikuwa na kinyonga jikoni, wa kumaliza nzi, na alikaa naye miaka. Nilishangaa. Alikuwa anajua kila kitu, nami nilikuwa nimejenga siku nzima mbele yake bila kumuuliza.

Tulikata matawi membamba, ya unene ambao miguu yake midogo ingeweza kuuzunguka. Tuliyapanga mengine yakipanda, mengine yakilala, mpaka juu kabisa. Tuliingiza kopo lenye mmea wa majani mengi. Nkambo alichovya vidole katika maji, akayanyunyizia majani, na matone yakaning’inia. Tukamweka kinyonga. Alikaa muda mrefu bila kujitikisa. Kisha alisogea, akafungua mdomo, akanywa tone. Halafu la pili. Sahani nzima ya maji ilikuwa karibu naye siku mbili, naye alikuwa anakufa kiu. Kwa kinyonga, maji yaliyotulia si maji.

Aliishi siku tatu. Ya nne asubuhi nilimkuta chini, macho yameingia ndani. Nkambo hakunidanganya kwamba ni Mungu ametaka. Alisema, “Tulichelewa,” akatafuta jembe.

Gardemanje ilikaa na matawi yake mwezi mzima. Samaki walining’inizwa ukutani ndani ya mfuko, na paka wa Mama Béa aliwala wawili. Nkambo hakulalamika. Kila nilipopita niliona yale matawi bila mtu. Nafikiri ndiyo sababu hakuyatoa.

Sasa tuje kwako. Jumatatu uliniuliza, “Mama, kinyonga analalaka wapi?” Nilikuwa na mikono ndani ya beseni ya nguo, nikakujibu: baadaye. Nilikuwa na jibu, nililipata kwa gharama ya kinyama kimoja, na nikakuambia baadaye. Hasira ya leo, sehemu kubwa ni yangu mwenyewe. Sehemu nyingine ni ya yule papa mwenye ndevu na simu.

Nimetoka jikoni nimekuta umekata bido, dumu jeupe la mafuta, kinyonga uliyemwokota yumo ndani, kikwembe changu chekundu chini, jua limesimama juu, na mtu mwenye watoto wake nyumbani anafilimu na kusema, “Tikisa kidogo, ageuke tena.”

“Mama Exaucé, usikasirike, ni kanyama tu, tuko tunacheka.”

“Ingia mu bido, papa, na miye nicheke.”

Hayo umeyasikia. Usiyarudie shuleni.

Kinyonga wako yuko ndani ya gardemanje. Nimetoa mkate na kila kitu. Nilipomweka alikuwa na madoa meusi ubavuni, lakini amekunywa matone matatu, nimehesabu. Kabati nimelisogeza karibu na dirisha, jua la asubuhi liguse upande mmoja tu, ili akisikia joto ahamie kivulini mwenyewe. Nimelipandisha juu ya meza, kwa sababu kinachomtokea kutoka juu anakidhani ndege anayekuja kumla, na wewe kwake ni ndege mkubwa sana. Chini nimeweka maganda ya ndizi iliyoiva; kesho vitakuja vidudu vidogo, ndivyo vya mdomo wake. Panzi ngojea akue. Maji ni kazi yako: asubuhi na jioni, juu ya majani, polepole. Rafiki usimletee, kinyonga wawili ndani ya kabati moja ni vita. Na usimshike. Akiwa mweusi, ondoka. Hata kama kuna watu wanangoja kuona, ondoka nao.

Nimesimama sasa hivi kumwangalia kabla sijamaliza karatasi hii. Nimetafuta tawi kwa tawi na sikumwona. Kisha jani moja limefumba jicho.

Basi shika hili, mwanangu. Ukimjengea yeyote, kinyama leo au mke na watoto kesho, anza na mahali ambapo yeye anaweza kujificha usimwone. Dirisha lako la kuchungulia litakuja baadaye, na kama hakuna nafasi, liache. Na ukiwa hujui, uliza. Na mimi ukiniuliza nikiwa na mikono ndani ya beseni, nivute kikwembe mpaka nijibu.

Mungu akupe mikono mizito, isiyo na haraka ya kufungua milango ya wengine. Akupe nyumba yenye kivuli, na ndani yake kona moja ambamo hakuna anayekutazama. Na siku ukiwa mweusi kwa hofu, asipatikane hata mmoja wa kukupigia makofi.

Fungua mlango sasa, uje kula. Jikoni pita polepole.