Chungu Alichokifuta Theodora

Mzee Filipo Mughwai wa Mungaa hakujua kusoma, lakini kumbukumbu alikuwa nayo. Angekutajia kila aliyewahi kulima shamba lao la bondeni tangu babu yake alipolifyeka. Kwa hiyo mwaka 1968, alipomshtaki jirani yake Yeremia aliyegoma kulirudisha shamba hilo, hakuwa na hofu.

Mashahidi walisikilizwa Singida mjini. Kisha hakimu, mgeni katika mkoa, mwenye majalada yaliyomfika kidevuni, aliagiza kila upande ulete hoja zake kwa maandishi.

"Kurasa nne. Wa tano sitausoma."

"Nne!" mzee alicheka njiani. "Mimi salamu tu zinakula mbili."

Kalamu alimpa binti yake Theodora, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne. Alasiri tatu mzee alisema, binti akaandika, zikajaa kurasa saba. Theodora akaanza kupunguza. Salamu zikaenda, ukoo ukaenda. Bado zilikuwa tano.

Kati ya yaliyobaki ilikuwamo habari ya chungu. Kila baada ya mavuno, marehemu baba yake Yeremia alileta chungu cha pombe ya mtama kwa kina Mughwai na kusema, "Nimelima kwako." Pale kijijini hiyo ilitosha: aliyeleta chungu amekiri kwamba ameazimwa. Lakini Theodora aliona haya. Mzee wa kanisa, nyumba ya Kikristo, apeleke habari za pombe serikalini? Akaifuta yote. Akaibakiza aya aliyoipenda mwenyewe, ya haki na Uhuru, yenye maneno aliyosifiwa shuleni.

"Chungu umekiweka?" baba aliuliza, kidole gumba kikiwa kimeshapakwa wino.

"Yote ya maana yamo, Baba."

"Haya, msomi wangu. Wewe ndiye mdomo wangu." Akabonyeza.

Siku ya hukumu mzee aliumwa miguu, Theodora akaenda peke yake. Hakimu alisema kuwa shahidi mmoja, Bibi Dorika, alitaja chungu cha pombe, lakini mdai mwenyewe katika hoja zake hakueleza kilikuwa cha nini, na mahakama haiwezi kukisia. Shamba likabaki kwa Yeremia.

"Na chungu?" baba aliuliza hata kabla binti hajaketi.

"Hakukijali, Baba."

Mzee akasema, "Basi hata serikali yetu wenyewe inaniona mwongo."

Tangu hapo, watu walipomwita kuamua mambo ya mipaka, alikataa. "Waulizeni wengine. Neno langu limeshakataliwa." Miaka sita. Mara nyingi Theodora alikaa karibu naye akitaka kusema. Alimpa maji, alimsomea Zaburi, akaondoka bila kusema.

Bwana alimchukua mzee mwaka 1974, wiki moja baada ya Pasaka. Kaburini Yeremia alisimama, kofia mkononi.

"Alinisingizia shamba. Mimi nimemsamehe, na Mungu amsamehe uongo wake."

Wengine wakaitikia amina. Theodora akapita katikati ya watu.

"Hakusema uongo! Habari ya chungu aliitaja. Niliifuta mimi, ili kurasa zitoshe."

Bibi Dorika, aliyekuwa ameegemea mkongojo wake, akamgeukia.

"Ee mwanangu. Na yeye ulimwambia?"

Theodora alitikisa kichwa. Vijana wakashika majembe, wakaanza kufukia.