Kufuata Bahasha ya Juba Hadi Kakuma

Niliondoka Eldoret kwa sababu ya bahasha moja. Cheka ukitaka: mwalimu mstaafu, mgane, magoti yanalia kama bawaba, anavuka nusu ya nchi kufuata karatasi. Lakini haikuwa karatasi hivi hivi. Ilisafiri kwa ndege kutoka Juba hadi Kisumu, enzi ambazo watu walikimbilia uwanjani kuona ndege ya barua ikitua. Ilikuwa na stempu tatu za ngamia, na mihuri ya kila mahali ilipopitia. Sisi wakusanyaji wa stempu roho zetu ziko kwenye hiyo mihuri. Stempu zilizobanduliwa ziko tele, hata mimi ninazo.

Mwenye bahasha ni Mama Nyandeng, mkimbizi wa Sudan Kusini anayeuza unga na sabuni kambini Kakuma. Aliirithi kwa babu yake. Mpwa wake alinitumia picha, mama akasema nikija itakuwa yangu, kisha akaanza kunipigia simu kila Jumapili akitoka kanisani. Tangu mke wangu afariki, hakuna mwingine anayeniuliza kama nimekula.

Kalemng'orok, kabla ya Lodwar, basi lilisimama, abiria wakashuka kunyoosha miguu. Karibu kila mmoja alikuwa na mtu wa kumpigia kumwambia amefika wapi. Mimi nilinunua chai, nikaitazama picha ya bahasha kwenye simu mpaka chai ikapoa.

Lodwar, asubuhi, nilikwenda posta. Tuna desturi yetu: kila mji tunaofika tunajitumia bahasha, ili tupate muhuri wa pale. Karani, mwanamke mwenye miwani, alinisalimu kwa Kiturkana, akaigeuza yangu mara mbili.

"Ejok, mzee. Hii unajitumia mwenyewe?"

"Najitumia."

"Na ndani kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Alinitazama kwa huruma, akagonga muhuri polepole, ukatoka safi. Nikatoka nje kwenye jua la Lodwar, ambalo halina mzaha na mtu.

Kakuma nilifika mchana. Mama Nyandeng, mrefu kuliko nilivyomdhania, alikuwa amevaa gauni la kanisani ingawa ilikuwa siku ya kazi. Akawaita majirani. "Huyu ndiyo mwalimu yangu wa simu," akawaambia, na nikajiona mtu mkubwa. Tukala kisra, mikate myembamba ya kwao, na mchuzi wa bamia, tukanywa chai. Ndipo akaleta sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe.

Juu ya sahani palikuwa na stempu tatu, peke yake.

"Nimeosha," alisema. "Niliambiwa watu ya stempu hawataki karatasi. Nimeweka kwa maji ya vuguvugu, ikatoka yenyewe. Hakuna hata moja imeraruka."

"Na bahasha, mama?"

"Ile? Ilikuwa imechafuka, mihuri kila mahali. Nimewashia jiko. Si ndiyo chai umekunywa."

Nilitaka kulia, nasema kweli, mzee mzima mbele ya majirani. Lakini alikuwa ananitazama usoni kama mtoto aliyeleta matokeo ya mtihani, na maji yakimwagika hayazoleki.

"Ni nzuri sana, mama," nikasema. "Sijaona zilizooshwa vizuri hivi."

Akafurahi. Majirani walipokwenda zao akauliza, bila kuniangalia, "Sasa umepata kitu yako. Jumapili nipige bado, ama basi?"

"Piga, mama."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Stempu nilizibeba ndani ya kitabu cha sala, na kila basi liliporuka nilishika mfuko, ijapokuwa hapakuwa na cha kuvunjika tena. Nilifungua mlango wangu, nikasema hodi kwa mazoea, nikaingia.

Safari imenifunza kwamba msiba wa kitu, hata kikiwa karatasi, unataka msikilizaji. Wanangu wangesema, baba, ni bahasha tu. Nikakaa na msiba wangu moyoni mpaka Jumapili, simu ikalia.

"Mwalimu, mbona sauti iko chini? Nani amekukosea? Niambie."

Nilitamani kumwambia, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

"Hakuna, mama," nikasema. "Ni uchovu wa safari."