Mashine Iliyosita Mbele ya Mvua

Mashine yetu ya kupasua kuni haikuwa imeharibika kabisa. Ingeharibika kabisa ningejua la kufanya. Yenyewe ilikuwa inasita. Ukisukuma mpini bila kuweka gogo, mkono wake wa chuma ulitoka hadi mwisho ukarudi, hauna neno. Ukiweka gogo, mkono ulilifikia, ukaligusa, ukasimama. Tulihesabu moja, mbili, tatu, mpaka tano. Kisha ukasukuma kidogo, ukasimama tena. Na injini muda wote huo ilinguruma kwa sauti ile ile, kama mtu anayeimba kanisani huku akili yake imebaki nyumbani.

Nyuma yetu lilisimama tanuru la matofali mabichi. Tuliyafyatua kiangazi chote, mimi na mdogo wangu wa kike, kwenye kiwanja alichotuachia baba hapa Bunia. Yalikuwa ya nyumba ya vyumba vitatu: kimoja changu, kimoja cha mdogo wangu huyo, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, na kimoja cha kitinda mimba wetu anayesomea uuguzi huko Nyankunde. Wazazi walikufa nikiwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha shule nikawalea hao wawili, na tangu wakati huo hatujalala katika nyumba ambayo mtu hawezi kuja kututoa.

Tofali bichi halivumilii mvua. Likinyeshewa kabla ya kuchomwa, linarudi kuwa udongo. Na kiangazi kilikuwa kinaisha. Kila mchana mawingu yalijikusanya upande wa ziwa, yakatutazama, yakaondoka.

Kuni tulikuwa nazo, magogo ya mkalitusi yaliyokauka mwaka mzima. Lakini kwa kuwa tulikuwa na mashine, tulijenga midomo ya tanuru myembamba, ili moto usipotee bure. Gogo zima halikuingia. Na wanaume wenye shoka wa mtaa wetu walikuwa wamekwenda kwenye machimbo ya dhahabu.

Mashine yenyewe niliachiwa na mfanyabiashara wa mbao za Mambasa niliyemfanyia kazi miaka mingi. Alipohamia Kisangani alisema hawezi kubeba mzigo ule. Akanionyesha namna ya kuiwasha na namna ya kuizima, basi. Mengine nilijifunza kwa masikio.

Siku ya kwanza nilikagua nilichoweza. Mafuta yanayosukuma mkono yalikuwa yamefika kwenye alama. Mipira inayopitisha mafuta haikuvuja. Niliipitishia kidole yote, sehemu kwa sehemu, kikatoka kikavu. Nilipangusa, nikakaza, nikawasha. Ikasita.

Siku ya pili nikamwita fundi anayetengeneza mashine za kusaga mihogo sokoni. Alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa.

"Mama, ni pompi. Pompi imechoka. Kitu ikishachoka, haibembelezwe."

"Uliifungua ukaona?" mdogo wangu akamuuliza.

"Mwalimu, daktari hapasue kila mugonjwa. Wengine anaangalia tu macho."

"Basi angalia macho, halafu utupe dawa."

Alikaza skrubu ya presha robo mzunguko, kisha robo nyingine. Hakuna kilichobadilika. Ndipo akasema labda mafuta yamezeeka. Tukayamwaga yote, tukaweka mapya, tukimimina taratibu huku mashine inazunguka ili ijaze mipira. Fundi akaweka gogo kujaribu. Likapasuka kwa mara moja. La pili vile vile. La tano lilikuwa na fundo kubwa kama kichwa cha mtoto, likaachana katikati likalia kama bunduki. Mdogo wangu alipiga vigelegele. Fundi alinawa mikono, akanywa chai yetu, akaenda.

Nikafunga kizibo cha tangi, nikakikaza vizuri, nikarudi kazini. Magogo matatu yalipita. La nne, mkono uliligusa ukasimama.

Sikumbuki nilisema nini. Mdogo wangu anakumbuka, lakini anasema mwalimu hawezi kurudia maneno hayo.

"Yaya, tuache," aliniambia; huku kwetu yaya ni dada mkubwa. "Hii mashine iko inakuchezea. Twende tuombe shoka kwa jirani, tupasue siye wenyewe."

"Kwa shoka tutamaliza lini?"

"Na kwa hii utamaliza lini?"

Nina tabia moja: nikishashika kitu sikiachi, na wakati mwingine nakishika mahali pasipofaa. Nilikesha na hasira, na asubuhi niliwasha tena, nikapasua kwa kusitasita, gogo moja kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Mdogo wangu aliazima shoka kweli. Mkalitusi mkavu ulirudisha shoka kama ukuta.

Saa saba mchana mawingu hayakuondoka. Tulikimbilia turubai. Lilikuwa dogo kuliko tanuru, hilo tulilijua, na upepo ukalifanya dogo zaidi. Tulining'inia kila mmoja kwenye pembe yake, tumelowa, tunapigiana kelele za kuvuta huku na kuvuta kule. Upande wa upepo matofali yalianza kuteleza. Kwanza pembe zilipoteza ukali, kisha safu nzima ikakaa chini kama mtu aliyechoka, na maji mekundu yakapita kati ya miguu yetu kwenda barabarani.

Ilipoisha sikwenda kutazama hasara. Nilikwenda kwenye mashine. Nilikuwa nimeiacha ikizunguka. Niliizima, nikataka kuona kama maji yameingia kwenye mafuta, nikashika kizibo. Kilikataa. Nilikizungusha kwa nguvu, na kilipoachia nilisikia tangi likivuta pumzi ndefu, fyuuu, kama mtu aliyezibwa pua.

Ndani mafuta yalikuwa na povu jeupe.

Niligeuza kizibo. Katikati kina kitundu, si kikubwa kuliko punje ya mtama, na juu ya kitundu kulikuwa na kiraka cha mpira wa baiskeli, kimekatwa mviringo, kimegandishwa kwa gundi vizuri sana. Nilikiweka mwenyewe, mwanzo wa kiangazi, vumbi lilipozidi. Bunia ya kiangazi tunafunika kila kitu: ndoo, sufuria, redio, hata Biblia tunaivalisha mfuko. Niliona kitundu, nikafikiri ni uharibifu, nikakiziba. Kumbe kila mkono unapotoka, mafuta yanapungua kwenye tangi, na hewa lazima iingie mahali pake. Isipoingia, pompi inavuta povu. Povu linasukuma mkono mtupu bila shida. Likikuta mti, linabonyea.

Kizibo kilipokuwa wazi tukijaza mafuta, mashine ilipumua. Nami nilipokikaza vizuri, niliinyonga.

"Nani aliweka hiki?" mdogo wangu akauliza, ingawa alikuwepo siku ile na alinisifu.

"Mimi."

"Weye mwenyewe, yaya?"

"Nimesema mimi."

Alikaa juu ya gogo akacheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka, nguo zinamtiririka. Mimi sikucheka. Nilibandua kiraka kwa ncha ya kisu, nikafunika kitundu kwa kipande cha chandarua ili vumbi lisiingie na hewa ipite. Nilisubiri povu litulie, nikawasha. Gogo likapasuka. Nikampigia fundi simu kumwambia haikuwa pompi.

"Mama, mimi nilisema imechoka," akajibu. "Sikusema imechoka na nini."

Tulipasua mpaka jioni na kesho yake asubuhi. Kisha tuliondoa safu zilizoyeyuka, tukalipanga tanuru upya, fupi zaidi, tukalipaka udongo, tukawasha moto. Lilishika vizuri. Mdogo wangu alisimama akilipima kwa macho.

"Hii ni vyumba viwili," alisema.

"Viwili."

"Muwuguzi wetu apate chake. Mimi na weye tutalala kimoja. Lakini unakoroma, yaya."

"Utazoea."

"Nimezoea miaka yote. Nilikuwa nangojea kuzoea kimya."

Nilikwenda mahali tulipokuwa tumepima msingi. Niling'oa vigingi vinne vya chumba changu, nikavitia kwenye mdomo wa tanuru pamoja na kuni nyingine.