Mfagiaji Anayerudi Kinyumenyume

Mama anayefagia magofu ya jumba la mfalme hufagia akirudi kinyumenyume. Huanzia pale palipokuwa na kiti cha enzi, ambapo sasa umeota mti, akaja hadi mlangoni ameinama, mkono mmoja kiunoni, akiusema ufagio kama mtoto mtundu: "Twende, usinichoshe." Mimi niliyetumwa kupima kuta nilidhani anafuta nyayo zake tu.

Juzi, jua la utosini, nilikunja kamba yangu, nikageuka niende zangu. Akanishika bega kwa vidole vikavu kama vijiti. "Mwanangu, usimpe mfalme mgongo. Hajaturuhusu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi tukarudi kinyumenyume, mtu mzima mimi na akili zangu, hadi kizingitini. Pale akasimama, macho chini, ufagio ameuficha nyuma yake kwa adabu, akasubiri. Alipoinua uso alinikuta nimeshageuka, naangalia nje.

"Haya, tumeruhusiwa," akasema taratibu, kana kwamba ile sauti iliyotoka kule kwenye mti, ikisema "Nendeni," mimi sikuisikia.