Kurasa Sitini na Tatu za Desanka

"Jina langu haliondoki," anasema Vidosava Stojiljković, mwenye miaka sabini na sita, huku akigeuza pilipili hoho kwa vidole vitupu juu ya jiko la kuni. "Mapishi ni yangu. Ukitaka kuandika yako, kapike yako."

"Mama, sijasema liondoke. Nimesema lisikae juu peke yake," anajibu mkwe wake, Desanka.

"Juu ndipo jina linapokaa. Hata kaburini jina linakaa juu."

"Anayekwenda kaburini anajua tayari anamtafuta nani."

Vidosava anainamia jiko. Anachukua pilipili iliyoungua upande mmoja na kuigeuza kwa nguvu kuliko inavyohitaji.

Ni saa tatu asubuhi, katikati ya Septemba, na mji mzima wa Leskovac unanuka pilipili za kuchoma. Kila ua lina jiko lake, kila jiko lina mama mkwe wake. Kwenye ua huu kuna kitu kimoja zaidi. Juu ya kreti iliyopinduliwa iko kompyuta mpakato, imefunikwa mfuko wa plastiki ili masizi yasiingie kwenye vitufe.

Hiyo ndiyo ofisi ya Desanka. Ana miaka arobaini na minne, na kazi yake ni kurekebisha kurasa za tovuti za watu wanaoanza. Hatengenezi tovuti. Anachukua ukurasa ambao upo tayari lakini haufikiwi na mtu, anaupanga upya mpaka anayetafuta jambo hilo mtandaoni aweze kuukuta. Wateja wake ni mfuma mifagio, mfuga nyuki, mjane anayepangisha vyumba viwili kwa wageni. Mwezi uliopita alirekebisha kurasa kumi na moja na kupata dinari 67,000.

Kiwandani alikuwa anapata 38,000.

Kiwanda hicho kilikuwa cha masweta. Alikaa hapo miaka kumi na minne kwenye meza ya ukaguzi, mpaka kilipofungwa miaka sita iliyopita. Sweta likija mbele yake aliligeuza ndani nje, akavuta mshono, kisha akashona lebo: ukubwa, aina ya uzi, jinsi ya kufua.

"Sweta lisilo na lebo lilikuwa halitoki mlangoni, hata liwe zuri vipi," anasema. "Watu wananiuliza nilijifunza wapi kazi ya mtandao. Kazi ni ileile. Nageuza ukurasa, naangalia mshono, naweka lebo inayosema ukweli."

Lebo, kwa lugha yake, ni kichwa cha ukurasa: yale maneno machache ambayo mtu huyaona kwanza kwenye orodha ya majibu anapotafuta kitu. Kichwa kikisema "Karibu," hakuna anayekaribia. Mfuga nyuki wake alikuwa na kurasa tisa, na zote tisa zilikuwa na kichwa kimoja, "Mwanzo." Desanka alipozipa kila moja kichwa chake, akaandika chini ya kila kichwa sentensi mbili za kueleza kilichomo, simu ya yule mzee ilianza kulia kabla ya mwezi kwisha.

Naye alikosea sana kabla ya kujua. Alijifunza peke yake kwenye meza ya jikoni, kati ya kuosha vyombo vya mchana na watoto kurudi kutoka shule. Mahali fulani alisoma kwamba maneno ambayo watu wanatafuta lazima yaonekane kwenye ukurasa. Akayaandika. "Pilipili hoho za kuchoma" aliyaandika mara kumi na tisa kwenye ukurasa mmoja, kisha akamsomea mama mkwe wake kwa sauti.

"Nilimwambia anaongea kama mlevi wa harusini," anakumbuka Vidosava. "Neno lilelile moja, mezani kwa kila mtu."

Siku hiyohiyo Desanka alifuta kumi na sita.

Somo la picha alipewa na shemeji yake Slavoljub, ambaye haoni na husikiliza kurasa kwa sauti ya simu. "Umeniwekea picha saba," alimwambia. "Simu inanisomea picha, picha, picha. Nikipika kwa ukurasa wako nitakula picha." Tangu hapo kila picha anayoigusa Desanka ina maelezo yake ya maneno, mafupi na ya kweli: pilipili hoho nyekundu zikimenywa kwenye bakuli la bati. Slavoljub anapata chakula chake, na injini ya utafutaji nayo, ambayo haina macho, inajua picha inahusu nini. Picha zenyewe anazipunguza uzito pia, kwa sababu vijijini mtandao unavuta miguu, na mtu hasubiri picha ya bakuli ifunguke.

Haya yote anawafanyia wateja. Tovuti yake mwenyewe ndiyo imemshinda, na chanzo chake kiko kwenye droo ya Vidosava.

Ni daftari la mapishi la miaka hamsini na saba, lenye jalada la kitambaa na madoa ya mafuta. Humo hakuna chakula chenye jina la chakula. Kuna Keki ya Ruža. Kuna Kabichi ya Gordana. Kuna Supu ya Shangazi Jelisaveta. Ndivyo wanawake wa hapa wanavyoandika: aliyekupa mapishi ndiye jina la mapishi, na ukilikata jina lake umemwibia. Ndani ya daftari hakuna anayepotea, kwa sababu kila anayelifungua anamjua Ruža na anajua keki yake.

Miaka miwili iliyopita Desanka alilihamishia daftari lote mtandaoni, kama lilivyo. Kurasa sitini na tatu, majina sitini na tatu ya wanawake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa Ajvari ya Vidosava: pilipili hoho zilizochomwa, zikamenywa, zikasagwa na kukaangwa kwa muda wa saa tatu mpaka kijiko kiache njia kwenye sufuria. Mwaka mzima uliopita ukurasa huo ulisomwa na watu arobaini na mmoja.

"Thelathini ni ndugu," anasema Desanka. "Wengine kumi na moja nadhani walipotea njia."

Angeweza kuendelea hivyo. Lakini asubuhi hii, kabla jiko halijashika moto, mjukuu wa Vidosava, Teodora, amepiga simu kutoka Graz, ng'ambo, anakofanya kazi ya uuguzi. Kwa furaha amemwambia bibi yake kwamba jana amepika ajvari kwa mara ya kwanza, chupa tano, na Jumamosi anapika tena na wenzake watatu. Mapishi ameyatoa mtandaoni. Ni rahisi sana, amesema. Unaanza kwa kukaanga karoti.

"Karoti," anasema Vidosava sasa, kwa mara ya nne. "Damu yangu. Karoti."

"Teodora alitafuta, mama. Nilimuuliza. Aliandika jinsi ya kupika ajvari ya nyumbani. Sisi hatukutokea. Aliyemtokea ni mwanamume mmoja wa kukaanga karoti."

"Angeandika Vidosava."

"Na wenzake watatu waandike nini? Wanakufahamu?"

"Watanifahamu wakila."

"Watakula kwa njia gani, kama hawajafika kwenye ukurasa?"

Ubishi huu si wa leo. Mara mbili Desanka ameomba kubadilisha vichwa, mara mbili amekataliwa. Tovuti ni yake na neno la siri analo, anaweza kubadilisha wakati wowote. Hafanyi hivyo.

"Ningemshinda kwa kidole kimoja," anasema, akiinamia kapu la pilipili. "Halafu ningekaa naye vipi mezani? Mimi nimekuja kwenye nyumba hii mikono mitupu, yeye akanipa daftari. Hakumpa binti yake. Alinipa mimi."

Ndiyo maana jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana. Msimu wa pilipili umebaki wiki tatu. Mikono ya Vidosava imeanza kutetemeka, na mwaka huu ameshindwa kubeba sufuria kubwa peke yake. Kama mapishi yake hayatafikiwa wakati watu wanayatafuta, yatabaki kwenye droo ya jikoni, na Graz watazidi kula karoti.

Desanka anajifuta mikono kwenye aproni na kujaribu njia nyingine.

"Mama, wiki iliyopita ulikuwa unatafuta kitu kwenye simu. Ulikuwa unatafuta nini?"

"Vifuniko. Vilikuwa havishiki kwenye chupa."

"Uliandika nini?"

"Nilichotaka kujua. Kwa nini vifuniko vya chupa havishiki."

"Ukapata?"

"Nikapata. Nilikuwa nafunga chupa ikiwa imelowa mdomoni. Yule mwanamke ameeleza vizuri, hatua kwa hatua, na picha."

"Anaitwa nani?"

"Milunka," anasema Vidosava mara moja. "Wa Kruševac. Mwanamke mwenye akili."

"Ulimtafuta Milunka?"

Pilipili mbili zinapasuka ngozi juu ya jiko na hakuna anayezigeuza.

"Nilitafuta vifuniko," anasema Vidosava mwishowe.

"Na jina lake umelishika mpaka leo."

"Amenisaidia. Kwa nini nisilishike?"

Mtu aliyekaa miaka kumi na minne kwenye meza ya ukaguzi anajua wakati wa kuacha kuvuta uzi.

Vidosava anaondoa pilipili zote motoni, anazitia kwenye sufuria na kuzifunika ili zitoe jasho na ngozi ilegee. Anavuta kigoda mpaka kwenye kreti. Anaketi.

"Ondoa huo mfuko," anasema. "Utaandika nini hapo juu?"

"Ajvari ya nyumbani: jinsi ya kuchoma pilipili hoho na kuipika hatua kwa hatua."

"Ongeza 'bila karoti'."

Desanka anataka kucheka, kisha anaona si mzaha. Watu wanatafuta hivyo kweli. Anafupisha, anaandika: *Ajvari ya nyumbani bila karoti, hatua kwa hatua.*

"Mimi niko wapi?"

"Mstari wa kwanza kabisa. Sikiliza: Haya ni mapishi ya Vidosava Stojiljković wa Leskovac, anayepika ajvari kwa miaka hamsini na saba. Na kwenye picha: Vidosava akimenya pilipili."

"Soma tena."

Anasomewa tena. Anaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Sawa. Mlangoni weka pilipili. Mimi nitakuwa ndani, jikoni, ndipo wanaponijua."

Sasa wanafanya kazi bega kwa bega. Maelezo yaliyokuwa donge moja refu yanakatwa vipande, kila kipande na kichwa chake kidogo: kuchagua, kuchoma, kumenya, kusaga, kukaanga, kufunga chupa. Kwenye kufunga chupa Desanka anaweka kiungo cha kubofya kinachompeleka msomaji kwenye ukurasa wao wa kuchemsha chupa, ambao nao hauna wageni. Anwani ya ukurasa anaiacha kama ilivyo, kwa kuwa wale ndugu thelathini wameihifadhi. Anataka kuongeza sehemu ya wasio na jiko la kuni, kama Teodora kwenye ghorofa yake.

"Andika oveni," anasema Vidosava. "Lakini andika pia kwamba si sawa."

Anaandika yote mawili.

"Sasa?"

"Bonyeza hapo, mama."

Vidosava anaangalia kidole chake cheusi kwa masizi, anakikunja na kubonyeza kwa kifundo. Ukurasa unabadilika. Desanka ananyoosha mgongo, na kwa muda anautazama kama alivyokuwa akitazama sweta lisilo na kasoro hata moja.

"Haitakuwa leo," anaonya. "Siku kadhaa, pengine wiki, ndipo tutajua tumesogea kiasi gani kwenye orodha ya majibu. Kwa Jumamosi namtumia Teodora kiungo sasa hivi."

Anakituma. Zimebaki kurasa sitini na mbili. Mpango wake ni kuzimaliza kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, tarehe nane Novemba, chupa zikiwa zimeshaingia stoo. Baada ya hapo maktaba ya mji imempa chumba cha kufundishia kila Jumanne, na wanawake sita wameshajiandikisha. "Kila mmoja aje na daftari la mama mkwe wake," anasema. "Na aje na ruhusa. Bila ruhusa hatuanzi."

"Unaofuata ni upi?" anauliza Vidosava.

"Keki ya Ruža. Ningeiita keki ya tufaha isiyo na mayai. Wakati wa mfungo mayai hayaliwi, watu wanatafuta sana hiyo. Ila Ruža..."

"Ruža nitamwambia mimi."

"Kesho basi, mama. Pilipili zitapoa."

"Wewe menya."

Vidosava ameshavaa viatu. Anavuka ua, anashika uzio kwa mikono miwili na kumwita Ruža, aliye jirani yake kwa miaka hamsini sasa.

"Ruža, toka nje. Keki yako tunaiandikia kichwa kipya, na wewe unaingia mstari wa kwanza, kama mimi. Usianze kulia. Njoo useme ilikuwa matufaha mangapi."